Kile kibomba cha kuchungulia sukari ya zabibu: nimekitumia misimu mitatu, haya ndo maoni yangu

Mbukwenyi wadau. Kuna watu wameniuliza sana kuhusu kile kidude nachotembea nacho shambani nakiweka jichoni kama nahodha wa meli, wengine walidhani natazama mwezi, kwaiyo leo nimekaa naandika yote kwa pamoja ili nisirudie kwa kila mtu. Kinaitwa refraktomita, lakini huku kwetu hamna anayeiita hivyo, sisi tunasema kipima sukari au kile kibomba, na kazi yake ni moja tu, kukuambia zabibu yako ina utamu kiasi gani kabla hujaikata.

Mimi ni mkulima mdogo, eka moja na nusu huku Hombolo, Dodoma, nusu eka nyeupe (Chenin Blanc) na eka nzima ile nyekundu yetu ya Makutupora. Miaka yote nimeuza kama wanavyouza wote, kichwa chini, unavuna, unapanga kwenye kreti, mnunuzi anapima kilo, anakwambia bei, unakubali kwa sababu zabibu haisubiri, ukikaa nayo siku mbili inaanza kutoa maji na nzi wamekuzunguka. Mizani ilikuwa inasema kila kitu. Utamu ulikuwa unaonjwa kwa mdomo, na mdomo wa mnunuzi siku zote unasema haijakolea, mdomo wa mkulima unasema asali.

Sasa mwaka juzi akaja mnunuzi mdogo, kijana ana kiwanda chake kidogo chenye leseni, akasema yeye hataki mvinyo mkavu (ule usio na utamu), anataka zabibu za kutengeneza mvinyo mtamu ule mzito unaoongezewa spiriti, wa kunywa kidogo kidogo baada ya chakula. Nikamwambia kaka yangu zabibu si ndo hizi. Akachomoa kibomba kwenye koti, akaminya punje moja, akachungulia, akasema, "Mama, hii ni 17 na nusu. Ukinifikishia 23 au 24 nakuongezea kwa kila kilo." Alivyoondoka tu nikaanza kukitafuta hicho kibomba.

Nilivyokipata ni hadithi nyingine. Niliagiza kwa muuzaji mmoja mtandaoni, Dar, picha ilionesha ndo chenyewe, nikatuma hela, kikaja na basi siku ya pili, nikafungua boksi kwa furaha, nikatia tone la zabibu, nachungulia naona bluu tupu. Nikatia zabibu nyingine, bluu tupu. Nikaenda kwa jirani yangu, mzee wa siku nyingi kwenye zabibu, naye akachungulia akasema labda zabibu zako hazina sukari kabisa binti yangu, tukacheka lakini moyoni naumia. Kumbe wamenitumia cha kupimia asali! Kile cha asali kinaanzia 58 kwenda 90, zabibu iko chini huko haionekani kabisa. Kuna na cha mafundi magari cha kupimia maji ya rejeta na asidi ya betri, kwa nje vinafanana kama mapacha. Muuzaji kumpigia anasema bidhaa ikishatoka hairudi. Nikakiuza kwa jamaa mmoja mfuga nyuki kwa nusu bei, yeye anakifurahia mpaka leo.

Kwaiyo jambo la kwanza mkinunua, ulizeni kipimo kinaanzia ngapi mpaka ngapi, cha zabibu kiwe 0 mpaka 32, na muombe picha ya ndani yani anachoona mtu akichungulia, sio picha ya boksi. Cha pili nilikinunua mkono kwa mkono duka la vifaa vya maabara, elfu sitini na tano, na huyo dada aliyeniuzia alinipa na kitambaa na kidropa akanifundisha kukiseti hapo hapo kaunta.

Kukiseti sasa. Kinatakiwa kisome sifuri ukiweka maji safi yasiyo na kitu, yale yaliyokenekwa, na huku kwetu utayatoa wapi, mimi natumia maji ya betri ya petrol station, chupa ndogo inakaa mwaka mzima. ANGALIA lakini, maji ya betri sio asidi ya betri, chupa zinafanana na kuna mtu atakuja kuniua kwa kusema nilimwelekeza. Soma lebo. Unaweka matone mawili kwenye kioo, unafunga kile kifuniko cha plastiki taratibu mapovu yasibaki, unachungulia ukielekea kwenye mwanga, unaona duara juu bluu chini nyeupe, mstari wa katikati ndo jibu lako. Kama haujakaa kwenye sifuri unazungusha kaskrubu kadogo pale juu mpaka ukae. Mimi nakiseti kila asubuhi ya kupima, dakika moja tu, maana kikianguka au kikigongwa kinahama na hakikwambii kimehama.

Namba yenyewe wanaiita briksi. 20 maana yake kwenye gramu mia za juisi, gramu 20 ni sukari (na vitu vidogo vidogo vingine lakini nyingi ni sukari). Kinafanya kazi kwa mwanga tu, hakina betri hakina waya, mwanga ukipita kwenye juisi yenye sukari nyingi unapinda zaidi, basi. Ndo maana nakipenda, huku umeme ukikatika mie napima.

Udhaifu wake mkubwa ni jua. Kwenye boksi wameandika kinajirekebisha chenyewe joto kuanzia digrii 10 mpaka 30, sawa, lakini shamba la Dodoma saa saba mchana na kibomba cha chuma mkononi hapo digrii 30 umeshaipita zamani, kinaanza kusoma pungufu. Niligundua hivi, asubuhi saa moja mstari ule ule wa miti 21, saa nane mchana 20, nikadhani kuna mchawi. Sasa napima asubuhi tu kabla ya saa tatu, na kibomba nakiweka kwenye kikapu kivulini, sio kwenye dashibodi ya bodaboda.

Kosa la pili ni letu sio lake. Unaenda kwenye mti mmoja uliozoea, ule wa njiani wenye jua, unachuma punje ya juu kabisa nono, unapima, 22, unapiga simu kwa mnunuzi njoo. Anakuja na gari, anapima kwenye kreti, 18. Aibu. Mimi yalinikuta msimu wa kwanza na yule kijana alikuwa mstaarabu tu akasema mama tusubiri. Punje ya begani mwa kichala ni tamu kuliko ya mkiani, upande wa jua ni mtamu kuliko wa kivulini, miti ya mwisho wa mstari inadanganya sababu haina jirani wa kugombania naye maji. Sasa natembea na mfuko, nachuma punje kama mia moja shamba zima, juu, chini, jua, kivuli, naruka ile miti ya pembeni, nazisaga zote kwa mkono ndani ya mfuko, nachukua tone kwenye huo mchanganyiko. Namba inashuka, inakuumiza, lakini ndo ya kweli.

Sasa kwa nini mtu wa mvinyo mtamu anasumbuka na 23 na 24 wakati wengine wanachukua hata 18? Hapa ndo nilijifunza kitu ambacho miaka yote nalima sikuwahi kuambiwa na mtu. Nilikuwa nadhani mvinyo mtamu ni mvinyo umetiwa sukari, full stop, maana mitaani ndo ilivyo. Kumbe ule mtamu mzito wa asili, kama ule wa Ureno wa bonde la mto Douro wanaouita Port, hautiwi sukari hata kijiko. Wanaacha mchuzi wa zabibu uchache siku mbili tatu tu, hamira inakula sukari inaigeuza kilevi, ikifika kama asilimia 6 au 7 hivi wanamwaga spiriti kali ya zabibu yenye kilevi asilimia 77, hamira inakufa pale pale, na ile sukari ambayo haikuliwa inabaki humo humo. Utamu wote ni wa shambani. Spiriti inaua tu hamira na kuutunza.

Kijana alinipigia hesabu kwenye karatasi ya kreti, nimeitunza. Mchuzi wa briksi 24 kila lita ina sukari ya kuliwa kama gramu 240. Hamira inakula kama gramu 17 kupata asilimia moja ya kilevi, kwaiyo mpaka asilimia 6 imekula mia na mbili, zimebaki kama 140. Kwa lita 10 za huo mchuzi anaweka lita mbili na robo za spiriti, kilevi kinapanda mpaka 19, na sukari ikishachanganyika inabaki kama gramu 115 kwa lita. Huo ni mtamu haswa. Sasa chukua zabibu yangu ile ya 17, hesabu hiyo hiyo, unabaki na gramu 50 tu. Utamu wa kitoto, na uzito mdomoni hauna, unabaki unasikia spiriti tu kooni. Hapo ndo mtengenezaji anakimbilia gunia la sukari. Kwa hiyo zile briksi saba za tofauti ni kazi ya mkulima, na mizani ya kilo haizioni kabisa, tena mizani inampenda aliyemwagia maji wiki ya mwisho punje zikavimba!

(Na kabla hamjaniuliza, hapana, usiende kutia gongo. Gongo ni kosa kisheria na haijulikani imetoka kwenye nini, na ikiwa mbovu inaua macho. Mimi nalima, anayetengeneza ana leseni.)

Na hata wale wa misa hawataki mchezo, kanuni ya 924 ya sheria ya Kanisa Katoliki inasema divai iwe ya asili ya tunda la mzabibu na isiwe imeharibika. Zabibu zenyewe huku Dodoma zimeletwa na wamisionari kwa ajili ya hiyo hiyo divai ya misa, kwaiyo habari ya utamu wa asili sio ngeni kabisa hapa, tumeisahau tu.

Haya turudi kwenye kibomba na misimu yangu.

Wasiojua, Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, Februari Machi na Agosti Septemba. Huko ulaya mzabibu unalala wakati wa baridi, huku haulali, unaupogolea ndo unaamka, ukikata leo miezi minne mitano unavuna. Ni baraka na ni mzigo pia, mti umechoka lakini unazaa. Kibomba kimenionesha kuwa hiyo misimu miwili sio ndugu wa baba mmoja.

Agosti ya kwanza: nilianza kupima mwishoni mwa Julai, 17 na nusu, ile ile aliyopima yule kijana. Nikafunga maji ya matone kabisa, nikaondoa majani yaliyofunika vichala upande wa asubuhi (upande wa mchana usiondoe, zitaungua, nilifanya mistari miwili nikapata zabibu za kuchoma), nikasubiri. Siku ya tano 19. Siku ya tisa 20 na nusu. Siku ya kumi na sita 22 na nusu. Usiku wa Dodoma Julai na Agosti una baridi mpaka unavaa sweta, tupo juu mita elfu moja na mia moja hivi, na hicho ndo kinatuokoa, sababu joto la usiku linakula uchachu wa zabibu. Nikavuna kwenye 23. Akalipa kama alivyosema, cash, sina neno.

Februari iliyofuata ndo nililia. Ilifika 18 nikasema bado kidogo tu, mvua ikapiga siku tatu mfululizo, nikapima asubuhi ya nne, 16 na nusu! Imerudi nyuma! Sikujua zabibu inaweza kurudi nyuma. Mzabibu umekunywa maji umeyapeleka kwenye punje, sukari ni ile ile imezimuliwa tu, na punje nyingine zikapasuka, ubwiri unga na ule mwingine wa vinyoya vikaingia pamoja, nikavuna haraka nikauza kwa bei ya kawaida kwa wale wa mvinyo mkavu. Kibomba hakizuii mvua. Ila kilinisaidia kitu kimoja, kutojidanganya, ningekuwa naonja kwa mdomo ningesema subiri subiri mpaka zioze zote.

Agosti ya pili nikapata tamaa. Kijana aliniambia Rutherglen kule Australia, sehemu ya joto, wanaziacha zabibu za Muscat mtini mpaka zinasinyaa kama zabibu kavu, sukari inapita 30, wanatengeneza mvinyo mweusi mzito kama asali ya nyuki wadogo. Na Hispania kule Montilla wanaanika kabisa juani kwenye mikeka, zabibu aina ya Pedro Ximénez. Nikasema ah, kuanika si ndo kazi yetu, huku michembe tunaanika, mboga tunaanika, zabibu itanishinda? Nikachukua kilo 20 za nyeupe nikatandaza kwenye mkeka juu ya kichanja. Siku ya kwanza 21, siku ya tatu 25, siku ya tano 29. Nafurahi kama mwendawazimu, kila saa nachungulia. Siku ya sita nyuki. Sio nyuki wawili watatu, mzinga mzima, watoto hawatoki nje, mbuzi amekimbia na kamba yake. Siku ya saba nilivyopata ujasiri wa kusogea mstari wa kibomba haupo, umepita 32, bluu imepotea juu huko, nyeupe tupu. Yani kilinipa bluu tupu kile cha asali na hiki kikanipa nyeupe tupu, nimemaliza rangi zote. Kilo 20 zilibaki kama 9 hivi (nyingine nyuki), tumezila na watoto na kupika visheti. Mtengenezaji alisema juisi itakayotoka humo ni kidogo mno haina faida, ila alionja akanyamaza kidogo, nami nikaona amepata wazo.

Kwa hiyo jueni, kama mnataka kufanya hizo za kuanika, hiki cha 0 mpaka 32 kitawaacha njiani.

Kitu kingine ambacho kibomba hakiwezi kabisa na watu wanakosea: kikishaanza kuchacha, usipime nacho. Kilevi nacho kinapinda mwanga, kwa hiyo namba inayokuja ni ya uongo, itakwambia bado kuna sukari nyingi wakati imeshaliwa. Na kwenye mvinyo huu wa kuongezea spiriti hapo ndo pa hatari, kwa sababu kazi yote ni kujua saa gani usimamishe, ukichelewa masaa machache kwenye joto letu hamira imeshakula utamu wako wote. Mtengenezaji anatumia haidromita, ile ya kuelea, nayo anarekebisha kwa joto. Niliona anaweka mapipa kwenye maji ya baridi na matambara yaliyolowa, usiku anaamka mara tatu kupima. Nikamuonea huruma, mie nalala.

Na sukari peke yake haitoshi, hili nalo kibomba hakitakwambia. Shamba la bondeni la shemeji yangu lilifika 24 mapema kuliko langu, tukashangilia, mnunuzi kuonja akakunja uso, tamu lakini imelala, haina uchachu, akasema mvinyo wake utakuwa kama sharubati. Akapima na kile kingine cha pH, ikawa juu, maana yake uchachu ni mdogo. Kwenye nchi za joto ndo tatizo lenyewe, sukari inakimbia, uchachu unakufa, na rangi ya ganda nayo na ule ukakasi vinabaki nyuma havijaiva. Ndo maana unatakiwa uangalie na mbegu, zikiwa kahawia na zinavunjika kwa meno sawa, zikiwa bado kijani unasubiri hata kama kibomba kinashangilia. Mie sasa napima kwa vitu vitatu, kibomba, mbegu na ulimi, kwa mpangilio huo.

Watu wanasema Dodoma joto sana kwa mvinyo mzuri. Kwa mvinyo mkavu mwepesi labda, sibishani. Lakini kwa huu mtamu mzito joto sio adui. Douro yenyewe kiangazi inafika digrii 40, miamba mitupu, wanachonga ngazi kwenye mlima kupanda. Calitzdorp, Afrika Kusini, ni nusu jangwa, ukioneshwa picha unasema hii Kongwa, na wana mvinyo wa namna hii wanaoutangaza duniani, wenyewe wanasimulia kwamba moja ya aina za zabibu za Kireno, Tinta Barocca, ilifika pale kwa bahati mbaya, walidhani wanapanda Shiraz. Walikuwa wanauita Port kabisa, mpaka wazungu wa Ulaya wakasema hilo jina la Ureno, na tangu 2012 wanaandika Cape Ruby, Cape Tawny, Cape Vintage. Jina limebadilika na wananunuliwa vile vile. Sa sisi tuna Makutupora ambayo ni ya hapa hapa, hakuna wa kutunyang'anya jina, tuna kituo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, pale pale Makutupora, na kodi ya mvinyo wenye zabibu za ndani zaidi ya asilimia 75 ni nafuu kuliko wa nje. Kinachokosekana ni mtu wa kulipa kwa briksi. Wareno wana mipaka ya bonde la Douro tangu 1756 na kila shamba linapewa alama kwa udongo, mwinuko, umri wa miti, linawekwa kwenye daraja la herufi kuanzia A, daraja ndo linaamua utaruhusiwa kutengeneza Port kiasi gani. Huku kwetu wa bondeni anayemwagilia mpaka siku ya kuvuna na mimi niliyefunga maji wiki mbili nikapoteza uzito tunapanga foleni moja kwenye mzani mmoja kwa bei moja. Nikifunga maji napoteza kilo, hiyo ni hela, nani mjinga wa kufanya hivyo bila kuongezewa? Nilipiga hesabu, Agosti ile nilipoteza kama kilo 1 kwenye kila 8. Ile nyongeza yake ilifidia na ikabaki kidogo, kidogo sio sana, nisiwadanganye.

Ndo faida kubwa ya hiki kibomba kwangu kusema kweli, kuliko hata kujua siku ya kuvuna. Nikikaa na mnunuzi sasa hatubishani midomo. Namwambia kaka chungulia mwenyewe. Anachungulia, nachungulia, mstari ni mmoja. Wapo waliokataa kabisa kuchungulia, wakasema sisi tunanunua kilo, sawa, nao nimejua ni wa aina gani na natafuta mwingine kwanza kabla yao. Wawili walishangaa mkulima mwanamke wa Hombolo ana kibomba chake, mmoja akaniuliza nimesomea wapi. Nimesomea kwenye mkeka wa nyuki, nikamwambia.

Uimara: mwili ni chuma na mpira, umeanguka mara nyingi, mzima. Kioo kinachubuka ukikifuta kwa khanga yenye mchanga, tumia kitambaa laini na maji. Kile kifuniko cha plastiki ndo kibovu, bawaba yake imeshavunjika msimu wa pili, nimeifunga na mpira wa kufungia hela, inafanya kazi. Usikitumbukize chote kwenye maji, maji yakiingia ndani unaona ukungu na ndo basi. Maandishi ya ndani ni madogo, wenye macho ya kuvaa miwani mtahangaika kidogo ila kuna sehemu ya kuzungusha pale jichoni inasaidia. Zipo na za kidijitali, unaweka tone inakupa namba, nzuri, lakini bei mara tatu nne na inataka betri, kwa eka moja na nusu sioni sababu.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimekata kwa kile kifuniko na kwa jua la mchana. Kama unauza zabibu ya kula mezani au unauza kwa yeyote anayekuja na gari, usinunue, hakitakusaidia kitu, onja kwa mdomo inatosha. Kama una mnunuzi wa mvinyo, hasa mtamu, au mko kikundi mnauza pamoja, nunueni hata kimoja mchangie, elfu sitini na tano watu kumi ni elfu sita na mia tano kila mtu.

Ila mkichangia mkubaliane nani anakisafisha. Mzee jirani yangu, yule aliyeniambia zabibu zangu hazina sukari, sasa ndo mteja mkubwa, kila Agosti anakuja, "binti yangu niazime macho yako". Msimu huu amekirudisha bila kukifuta, nikakiweka kabatini sikuangalia, baada ya wiki nafungua boksi sisimizi wamejipanga mstari kutoka dirishani mpaka kwenye kioo, na kwa jinsi walivyokuwa wengi sikuhitaji hata kuchungulia, zabibu za mzee zilikuwa zimevuka 22.